Kutoka Marufuku hadi Bodaboda: Historia ya Kununua Mtandaoni Dar es Salaam

Mkazi wa Mwananyamala anayetaka feni ya kuchaji anaweza leo kuichagua kwenye simu akiwa amekaa barazani, akaandikiana na muuzaji wa Kariakoo ambaye hajawahi kuonana naye, na kabla jua halijazama dereva wa bodaboda akampigia: nimefika hospitali, nikunje wapi? Feni ikifika, mnunuzi huifungua, huiwasha, huitazama inavyozunguka, kisha ndipo hulipa. Utaratibu huu umezoeleka kiasi kwamba vijana wengi wanaona kama ulikuwapo siku zote.

Ukweli ni kwamba ili feni hiyo ifike, mambo matano yalipaswa kuwapo kwanza. Ilihitajika sheria inayomruhusu mtu binafsi kuagiza bidhaa ng'ambo. Ilihitajika simu, na baadaye intaneti. Ilihitajika njia ya kulipana kwa watu walio mbalimbali. Ilihitajika ndege na meli za kuleta mzigo. Na mwisho alihitajika mtu wa kuufikisha mzigo kwenye nyumba ambayo haikuwa na anwani. Mambo hayo hayakuja pamoja. Yalikuja moja baada ya jingine kwa muda wa karibu miaka 40, na mfuatano wa kuja kwake ndio ulioipa biashara ya mtandaoni ya Dar es Salaam sura iliyo nayo sasa.

Tuanze na ruhusa, kwa kuwa bila hiyo mengine yote yasingekuwa na kazi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka michache tu baada ya uhuru, na katika miaka iliyofuata taasisi nyingine chache za umma zikapata zao. Lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na runinga. Zanzibar ilishika njia yake yenyewe na ikawa na kituo cha runinga ya rangi katika miaka hiyohiyo, huku Bara ikiendelea na redio. Redio nyingi zilizosikika mitaani zilikuwa za National, zilizotengenezwa hapahapa Dar es Salaam na kiwanda cha Matsushita, ambacho kilitengeneza pia betri zake.

Kwa nini marufuku hiyo iliwekwa? Maelezo ni matatu. La kwanza linataja mradi wa kuingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta, ambao ulileta hasara na vurugu hadi Wizara ya Fedha ikarudi kwenye hesabu za mkono. La pili linataja uhaba wa fedha za kigeni: bei ya mafuta ilipanda sana kuanzia mwisho wa mwaka 1973, na ukame wa miaka hiyo ukailazimisha nchi kununua chakula nje. La tatu linataja siasa ya Ujamaa, ambayo iliviona vifaa hivyo kuwa anasa ya wachache na njia ya kuwategemea wageni. Maelezo yote yana ukweli, ila hayana kazi sawa. Uhaba wa fedha ndio unaoeleza kwa nini hatua ilichukuliwa wakati ule. Siasa ndiyo inayoeleza kwa nini, kati ya bidhaa nyingi za kigeni, vilichaguliwa vifaa hivi. Na kushindwa kwa mradi wa hesabu kuliwapa watetezi wa marufuku mfano wa karibu wa kuuonyesha.

Miaka iliyofuata ilizidi kuwa migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na kuvunjika huko kulimaliza Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lililokuwa likiruka tangu mwaka 1946. Tanzania ikaunda shirika lake la ndege mwaka huohuo, na pia shirika lake la posta na simu. Mara tu baadaye ikaja vita ya Kagera, na hazina ikabaki tupu. Sabuni, nguo na dawa ya meno vikawa vitu vya kupangiwa foleni. Mwaka 1983 serikali, kwa usimamizi wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliendesha msako wa wahujumu uchumi. Msako ulizitoa mafichoni bidhaa zilizokuwapo, lakini haukuweza kuleta bidhaa ambazo nchi haikuwa na fedha za kuzinunua.

Hapo ndipo mabadiliko yalipoanzia. Katika bajeti ya Juni 1984, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kadhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi aliingia madarakani, akaendelea kulegeza masharti ya biashara, na wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa. Ni rahisi kumpa yeye sifa yote, lakini tarehe zinatukumbusha kwamba hatua ya kwanza ilitangulia urais wake, na kwamba ilitokana na dhiki kuliko na mapenzi ya soko huria. Vifaa vya umeme vilianza kuonekana tena madukani. Marufuku ya kompyuta nayo ikalegezwa taratibu katika miaka hiyo.

Ruhusa ilimzaa mfanyabiashara wa aina mpya: yule anayepanda ndege na kurudi na mabegi. Sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992 iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha, na mtu aliyekuwa na shilingi zake akaweza kununua dola waziwazi. Dubai ikawa soko la karibu. Mfanyabiashara alikaa siku chache, akanunua redio za kaseti, pasi, saa na baadaye simu, akarudi nazo Kariakoo. Ndege ndiyo iliyoamua bidhaa gani ziletwe, kwa kuwa mzigo wake hulipiwa kwa kilo. Kitu chepesi chenye thamani kubwa kilifaa ndege, na kitu kikubwa chenye thamani ndogo kilisubiri meli. Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo.

Mwaka 1994 ulileta mambo matatu kwa pamoja. Mobitel ilianza kutoa huduma ya simu za mkononi; vituo vya runinga vya watu binafsi, ITV kikiwa kimojawapo, vilianza kurusha matangazo Bara; na lile shirika la posta na simu liligawanywa, posta ikawa upande wake na simu upande wake. Simu ya mkononi ilikuwa mali ya wachache kwa miaka kadhaa. Vodacom ilipoingia mwaka 2000 na Celtel mwaka uliofuata, ushindani ulishusha gharama, vocha ndogo zikaenea, na laini ikaingia kwenye mifuko ya mama lishe na fundi seremala wa Mwananyamala. Posta kwa upande wake iliendelea na utaratibu wa masanduku: barua na vifurushi vilikwenda kwenye sanduku, na mwenye sanduku alikwenda kuvifuata. Hakuna aliyekuwa na wajibu wa kukuletea kitu mlangoni. Jambo hilo dogo lingekuja kuwa na uzito mkubwa.

Intaneti ilifika Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, na ilipofika mwisho wa muongo huo vibanda vya intaneti vilikuwa vimeenea mjini na kuingia Kinondoni na Magomeni. Watu walilipia dakika, wakafungua barua pepe na kusoma magazeti. Kununua kitu mtandaoni kulihitaji kadi ya benki ya kimataifa, na waliokuwa nayo walihesabika. Hata hivyo kuna bidhaa moja ambayo Watanzania walianza kuinunua mtandaoni mapema na kwa wingi, nayo ilikuwa kubwa kuliko zote: gari.

Magari yaliyotumika kutoka Japani yalitufaa kwa sababu iliyo wazi. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko mahali pake. Kampuni kama Be Forward, iliyoanzishwa mwaka 2004, ziliweka picha za magari kwenye tovuti zao pamoja na mwaka wa kutengenezwa, kilomita yaliyotembea na bei ya kuyafikisha bandari ya Dar es Salaam. Mnunuzi alichagua, akapokea ankara, akaenda benki kutuma fedha, kisha akasubiri wiki kadhaa hadi meli ifike. Wakala wa forodha alishughulikia nyaraka, Mamlaka ya Mapato ikakadiria kodi, na gari likatoka bandarini.

Inashangaza mwanzoni kwamba mtu aliyeogopa kununua viatu kwenye tovuti alithubutu kununua gari zima. Lakini ukichunguza utaona kwamba gari lilikuwa na kila kitu ambacho kiatu kilikosa. Lilikuwa na namba ya chasisi isiyofanana na nyingine. Lilikaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Lilisafiri na hati ya shehena inayotambulika kisheria. Na halikuhitaji anwani ya nyumba, kwa sababu mwenyewe ndiye aliyelifuata bandarini. Taratibu za bandari zilibeba imani ambayo muuzaji na mnunuzi hawakuwa nayo kati yao. Viatu, chaja na blenda vilipaswa kusubiri mpaka imani ya namna hiyo ipatikane kwa vitu vidogo.

Sehemu ya kwanza ya imani hiyo ilikuja na pesa ya simu. Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja kutoka mtandao hadi mtandao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Faida yake kwa biashara ndogo ilikuwa kubwa. Muuzaji hakuhitaji tena kuwa na akaunti ya benki, na mnunuzi hakuhitaji kadi. Malipo yaliambatana na ujumbe wenye jina la aliyepokea, na jina hilo lilikuwa ushahidi. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa Seacom ulianza kazi Dar es Salaam na kuipunguzia nchi utegemezi wa setilaiti. Bei ya intaneti ikashuka, bando za siku zikaja, na simu janja za bei nafuu kutoka China zikatimiza yaliyobaki.

Simu hizo zilileta tatizo lake. Kariakoo ilijaa simu zenye majina yaliyofanana na ya kampuni kubwa, nyingine zenye laini mbili na spika za kutikisa meza, ambazo hazikuwa na namba halali ya utambulisho. Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba simu bandia zingezimwa, na ikawaelekeza wananchi kubonyeza *#06# ili waione namba ya utambulisho ya simu zao na kuituma kwenda 15090 kuihakiki. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu hizo zilizimwa. Wengi waliumia, kwa kuwa walikuwa wamenunua kwa nia njema. Hata hivyo tukio hilo lilifundisha somo lililodumu: kifaa kina utambulisho wake, na mnunuzi anaweza kuuhakiki kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Mwaka huohuo wa 2016 ulikuwa na kanuni nyingine ambayo haikuzungumzwa sana mitaani, ingawa ilihusu vifaa vilevile. Kuanzia tarehe 1 Aprili, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilizuia betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena ndani ya ndege za abiria. Chanzo ni kwamba betri ya aina hiyo ikipata hitilafu huwaka moto mkali usiozimika kwa urahisi. Mwezi Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka katika shehena iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu, na marubani wake wawili wakafariki. Pawabenki huhesabiwa kuwa betri inayosafiri peke yake, wakati simu yenye betri ndani yake ina masharti mepesi zaidi. Ndiyo maana simu mpya inaweza kufika Dar es Salaam kwa siku chache ilhali pawabenki huchelewa, na ndiyo maana abiria hutakiwa kuibeba pawabenki mkononi badala ya kuiweka kwenye begi linaloingia chini ya ndege.

Kufikia hapo ruhusa, simu, malipo na usafiri vilikuwapo, na kampuni kubwa ziliamini kwamba wakati wa maduka ya mtandaoni umewadia. Jumia, iliyoanzia Lagos mwaka 2012, ilifungua huduma Tanzania, ikaweka ghala na kutangaza punguzo la bei. Tarehe 27 Novemba 2019 ilisitisha shughuli zake nchini.

Sababu za kuondoka kwake zimejadiliwa sana. Wapo wanaosema tatizo lilikuwa nyumba zisizo na namba. Wengine wanasema Watanzania hawakuwa tayari kuamini duka wasiloliona. Wengine wanataja Kariakoo, ambako bidhaa ileile ilipatikana kwa bei ya chini na kwa kupatana. Na wengine wanaitazama kampuni yenyewe, iliyokuwa ikipata hasara na ambayo ilikuwa imeingia katika soko la hisa la New York mwezi Aprili mwaka huo. Tukiyapima maelezo haya kwa kutazama majirani, tunaona mipaka yake. Kampuni ilifunga Kameruni mwezi huohuo, kwa hiyo sababu haiwezi kuwa ya Tanzania peke yake. Lakini ilibaki Kenya na Uganda, ambako mitaa mingi haina anwani bora kuliko yetu na ambako Kampala ina soko lake la Kikuubo, kwa hiyo anwani na soko la jumla havitoshi kueleza kila kitu. Linaloelekea kuwa sahihi ni hili: hasara ya kampuni inaeleza kwa nini iliondoka wakati ule, na hali ya soko letu inaeleza kwa nini wanunuzi hawakuhangaika ilipoondoka. Tayari walikuwa na njia nyingine.

Njia hiyo ilijengwa na wauzaji wadogo kupitia Instagram na WhatsApp. Muuzaji hakuhitaji ghala; alipiga picha mzigo uliokuwa kwenye duka la Mtaa wa Aggrey au Mtaa wa Likoma, akaandika bei au akamtaka mteja aulize faragha, na alipopata oda ndipo akaufuata. Kwa mteja wa Dar es Salaam, mzigo ulipelekwa na bodaboda, ambazo kanuni za mwaka 2010 zilizitambua rasmi kubeba abiria na ambazo kufikia wakati huo zilikuwa kila kona. Kwa mteja wa mikoani, kifurushi kilipakiwa kwenye basi, naye akatumiwa picha ya risiti na namba ya simu ya kondakta. Ukosefu wa anwani ukatatuliwa kwa mazungumzo: shuka Komakoma, ingia kushoto, ukifika kwenye mashine ya kusaga nipigie. Na ukosefu wa imani ukatatuliwa kwa sharti moja ambalo wauzaji wengi hulitangaza hadi leo: lipa ukipokea mzigo.

Ugonjwa wa korona uliisogeza biashara hii hatua nyingine. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamezoea kwenda Guangzhou wenyewe, kushika bidhaa na kupatana bei. China ilipofunga mipaka yake mwaka 2020, na kuifungua tu Januari 2023, safari hizo zilikatika. Mfanyabiashara akalazimika kuagiza kwa simu, akitumiwa video za bidhaa, huku wakala aliyeko China akikusanya mizigo ya watu wengi katika kontena moja na kumtoza kila mmoja kwa ujazo wa mzigo wake. Kilichoanza kama dharura kikawa desturi, na wanunuzi wa kawaida nao wakajifunza. Leo mwalimu au muuguzi wa Mwananyamala anaweza kuagiza sofa au mashine ya kukoboa akiwa nyumbani, akajumuishwa katika kontena la wengine. Upande wa anga, mwezi Juni 2023 Air Tanzania ilipokea ndege yake ya mizigo aina ya Boeing 767-300F, yenye uwezo wa kubeba tani 54.

Serikali nayo imefanya mambo mawili yanayovuta pande tofauti. Julai 2021 ilianzisha tozo kwenye miamala ya simu, iliyofikia hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Wananchi walilalamika, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, na ikaendelea kupunguzwa mwaka uliofuata. Tozo ilionyesha jinsi biashara ndogo inavyotegemea makato madogo: muamala ukipanda bei, watu hurudi kwenye noti. Kisha, Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, ili kazi iwe imefanyika kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo. Nyumba zikapewa namba na mitaa ikawekewa vibao. Kwa mara ya kwanza nyumba nyingi za Mwananyamala, Tandale na Temeke zilipata anwani inayoweza kuandikwa.

Basi mbona dereva wa bodaboda bado anapiga simu kuuliza akunje wapi? Kwa sababu desturi hujengwa na yale yaliyowahi kufika. Simu ilifika kabla ya anwani, na malipo ya simu yalifika kabla ya kadi. Kwa hiyo watu wakajenga biashara yao juu ya sauti ya mtu na ujumbe wa muamala. Kampuni zilizokuja na mpangilio wa nchi nyingine, ambako anwani na kadi vilitangulia, zilikuta hapa mpangilio mwingine ukifanya kazi.

Mpangilio huo una nguvu, na una pengo ambalo halipaswi kufichwa. Lipa ukipokea humlinda mnunuzi kwa dakika chache za mlangoni. Feni ikikata roho baada ya wiki mbili, mara nyingi hana pa kuirudisha, na anayelipa kabla kwa muuzaji asiyemjua hana hata ulinzi huo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofanywa kwa simu kuwa mkataba halali, lakini sheria humsaidia anayeweza kumtaja na kumfikia aliyemuuzia. Gari la Japani lilivuka bahari salama kwa sababu lilikuwa na namba, ukaguzi na hati. Vitu vidogo vimeshapata malipo yenye jina, na sasa vimepata nyumba yenye anwani. Vinachokosa ni muuzaji mwenye anwani naye, risiti inayodumu na mahali pa kurudishia kilichoharibika. Hatua hiyo ikija, itakuwa haki kwa mnunuzi wa Mwananyamala, ambaye kwa muda wote huu amelipia mapengo ya mfumo kwa fedha zake mwenyewe.